SIMU IKIPOTEA, NDUGU WASIPOTEE

Mwezi huu ukurasa wa familia unazungumzia kitu ambacho kimeingia karibu katika kila nyumba, hata kama ni kimoja kwa watu tisa: simu. Hatuandiki ili kuwaambia mnunue simu gani. Tunaandika juu ya namna ya kuipanga ile ile mliyo nayo, iwe simu janja ya kioo kilichopasuka au kitochi cha vibonyezo, ili iwatumikie watu wote wa nyumba. Karibu yote tutakayosema hayana malipo. Yanataka tu nusu saa, simu yenye chaji, na daftari.

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe. Wakati wa mvua za mwaka jana, simu ya nyumba ya mmoja wetu ilianguka ndani ya ndoo ya maji. Mtoto alikuwa akiangalia picha, mama alikuwa akichota maji ya ugali, mara chubwi! Ikazima, haikuwaka tena. Laini nayo ilikuwa imeandikishwa kwa jina la mtu aliyekwisha kuondoka kambini, kwa hiyo kuirudisha ikashindikana.

Tulihuzunika juu ya pesa ya simu. Kumbe hasara yenyewe haikuwa simu. Kaka yetu mkubwa yuko upande wa Fizi, na namba yake hakuna aliyeijua kwa kichwa. Yeye alikuwa akitupigia kila alipofika soko la Baraka, lakini alisikia tu ile sauti ya mashine inayosema mtu huyu hapatikani. Miezi mitatu baadaye mzee wetu alifariki. Tulimzika hapa. Kaka alipata habari baada ya wiki saba, kwa njia ya binamu aliyeko Uvira, ambaye namba yake tuliikuta imeandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya kitabu cha nyimbo. Siku tulipomsikia kaka, neno lake la kwanza lilikuwa hili: «Mulinificha kifo ya baba.»

Hatukumficha. Tulikuwa na namba yake moja tu, na ilikuwa ndani ya ndoo.

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya nyuma, watu walipotafutana kwa barua za Msalaba Mwekundu, zile zinazopelekwa wazi bila kufungwa, zenye habari za familia tu. Wanakumbuka pia redio. Mwaka 1994 BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango kwa watu wa Maziwa Makuu waliopotezana, na mwaka 1995 Radio Kwizera ilianza kule Ngara. Watu walikaa kimya kuzunguka redio moja wakingoja majina. Leo kazi hiyo tumeipa simu. Basi tuipange kama chombo cha kazi hiyo, si kama mchezo wa watoto tu.

NAMBA ZIKAE MAHALI PATATU

Namba moja ikiwa mahali pamoja ni kama hauna. Tunashauri mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni daftari. Wengine watacheka, lakini daftari halizimiki na haliombi nenosiri. Andika jina, undugu wake, mji alipo, namba yake, na namba ya jirani yake mmoja anayeweza kumwita. Usiandike «Shangazi» tu; mashangazi ni wengi, na mtoto atakayesoma daftari hilo siku ya shida hatajua ni yupi. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki na uliweke pamoja na karatasi zako za muhimu, maana paa letu tunalijua.

Mahali pa pili ni kwenye laini. Unapoandika jina jipya, simu huuliza au huchagua yenyewe pa kulihifadhi: kwenye simu au kwenye laini. Ukihifadhi kwenye simu peke yake, simu ikifa namba zinakufa nayo. Ukihifadhi kwenye laini, unaweza kuihamisha laini kwenye kitochi cha jirani na majina yakaonekana. Laini nyingi hubeba majina mia mbili na zaidi, na hiyo inatosha kwa ukoo mzima.

Mahali pa tatu, kwa wenye simu janja, ni kwenye akaunti ya Google. Ukiruhusu majina yalandanishwe na akaunti yako, siku utakayopata simu nyingine utaingia kwa anwani yako na nenosiri lako, nayo majina yatarudi. Kazi hiyo hutumia bando kidogo sana, kwa kuwa ni maandishi matupu. Tatizo tunaloliona hapa kambini ni kwamba wengi walifunguliwa akaunti na fundi, na fundi peke yake ndiye anayejua nenosiri. Kama ndivyo ilivyo kwako, rudi kwake ukiwa na simu, akuonyeshe, kisha ubadilishe nenosiri mwenyewe na uliandike nyumbani.

Kuna jambo la nne dogo. Fundisheni watoto namba mbili kwa kichwa: ya nyumbani na ya ndugu mmoja aliye nje ya kambi. Mtoto wa miaka saba anayeweza kuimba wimbo wenye beti nne anaweza kushika namba mbili.

SIMU AMBAYO BIBI ANAIELEWA

Katika nyumba nyingi simu hupangwa na kijana, kwa lugha anayoitaka yeye na kwa herufi ndogo kama chembe za mtama. Bibi akipigiwa, anaishika kama kaa la moto.

Anzeni na lugha. Simu nyingi za Android zinaweza kusema Kiswahili. Fungua ile alama ya gurudumu lenye meno, tafuta sehemu ya lugha, kwenye simu nyingi ina alama ya dunia, halafu chagua Kiswahili. Gurudumu lile lile sasa litaitwa Mipangilio. Anayesoma vizuri Kifaransa naye atakikuta humo. Kabla ya kubadilisha, kumbuka njia uliyopitia, ili ukitaka kurudi usipotee.

Pili, kuza herufi. Ndani ya Mipangilio, kwenye sehemu ya kioo au onyesho, kuna ukubwa wa fonti, yaani maandishi. Usogeze mpaka mzee aseme «hapo». Asiyeona vizuri kabisa anaweza kuwashiwa sauti inayomsomea yaliyomo kwenye kioo, lakini hiyo hubadilisha namna ya kubonyeza, basi ijaribuni kwanza mkiwa na mtu anayeijua.

Tatu, na hili ndilo lililotufurahisha zaidi: wekeni picha na mlio. Kila jina kwenye simu janja linaweza kupewa picha ya mwenyewe, na linaweza kupewa mlio wake peke yake. Bibi asiyejua kusoma ataona uso wa mwanawe unapopiga. Katika nyumba yetu tuliuweka mlio wa ngoma kwa kaka wa Fizi, mlio wa kengele kwa dada aliyekwenda Marekani, na mlio wa kawaida kwa watu wengine wote. Siku moja simu ililia ikiwa chini ya mto. Kabla yetu kuitafuta, bibi alikuwa ameshasimama: «Iyo njo mutoto wangu, munipe!» Hakusoma herufi hata moja.

Vitochi vingi navyo vinaweza kuweka namba za haraka. Unaipa tarakimu 2 namba ya mtu fulani, kisha bibi anakandamiza 2 kwa muda na simu inapiga. Mchoreeni karatasi: 2 ni kaka, 3 ni dada, 4 ni jirani.

Mwisho, simu nyingi janja zina sehemu ya maelezo ya dharura. Hapo unaandika namba ya mtu wa kuitwa, ugonjwa ulio nao na dawa zisizokupatana. Mtu akikuokota barabarani anaweza kuyasoma bila kuifungua simu, kwa kubonyeza neno Dharura kwenye kioo kilichofungwa.

CHAJI NI PESA

Kila mara tunapopeleka simu kwenye kibanda cha sola tunalipa. Kwa hiyo kila asilimia ya chaji ni pesa yetu.

Kinachokula chaji kuliko vyote ni mwanga wa kioo. Upunguze, na uweke kioo kijizime chenyewe baada ya sekunde 15 au 30. Zima Bluetooth, Wi-Fi na mahali ulipo kama hauvitumii. Washa kiokoa betri mapema, usingoje ifike asilimia tano. Wakati wa usiku, au pale ambapo mtandao ni wa kubahatisha, simu inajichosha kwa kutafuta mnara. Hapo weka hali ya ndegeni mpaka asubuhi, ila ujue kwamba katika hali hiyo hakuna atakayekupata. Kama kuna mgonjwa nyumbani, usiiweke.

Wengine wanasema rangi nyeusi kwenye kioo huokoa chaji. Ni kweli kwa aina ya vioo vinavyoitwa OLED, ambavyo doa jeusi ni taa iliyozimwa. Kwenye vioo vya kawaida vya simu za bei ya chini, faida yake ni ndogo.

Kuna mafundisho ya zamani tuyaache. Eti simu mpya ichajiwe saa nane mfululizo, eti iachwe mpaka izimike kabisa ndipo ichajiwe. Hayo yalikuwa ya betri za aina nyingine. Betri za sasa, za lithiamu, hupenda kukaa katikati. Ukiichomoa ikiwa asilimia 80 na kuirudisha kabla haijashuka chini ya 20, itadumu zaidi. Adui wake mkubwa ni joto. Usiache simu juani ikiwa imelala juu ya sola yenyewe, wala juu ya bati, wala karibu na jiko. Ikifunikwa na blanketi huku inachaji, inapata moto.

Betri ikivimba na kusukuma mgongo wa simu, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usiitoboe, usiigonge, wala usiitupe motoni au jalalani ambapo watoto wanachezea. Inaweza kulipuka moto. Mpelekee fundi anayejua.

Na simu ikiingia maji kama yetu? Izime mara moja, usiichaji, toa laini, ifute, na uiache penye hewa kwa siku nzima au zaidi. Usiianike karibu na moto. Ile habari ya kuizika ndani ya mchele haina msaada mkubwa, na vumbi lake laweza kuingia kwenye matundu. Mchele upikwe, chakula chenyewe ni cha kupimiwa.

BANDO LISILIWE NA VICHEKESHO

Malalamiko tunayosikia sana ni haya: «Niliweka bando asubuhi, saa sita limekwisha, na sikufanya kitu.» Ulifanya, ila bila kujua. WhatsApp ikiachwa kama ilivyo, inaweza kupakua yenyewe picha zinazotumwa, hata zile za kundi la watu mia mbili. Fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia sehemu ya hifadhi na data, na kwenye kupakua media uondoe alama zote: picha, video, sauti, nyaraka. Kuanzia hapo picha itakuja ikiwa na ukungu, na wewe ndiwe utakayeamua kuifungua. Ujumbe wa sauti, ule wa kusema kwa mdomo, bado utaingia wenyewe. Na ni vizuri, maana huo ndio barua ya bibi. Hapo hapo kuna kitufe cha kutumia data kidogo wakati wa kupiga. Kiwashe.

Katika Mipangilio ya simu kuna pia kiokoa data, ambacho huzuia programu zisivute bando kwa siri. Na kama simu yako ina redio ya FM, itumie kwa habari na muziki. Redio haili bando hata kidogo. Chomeka waya wa masikioni, kwa sababu kwenye simu nyingi huo waya ndio antena.

Sasa sikilizeni jambo ambalo limeleta ugomvi katika familia nyingi. Ukituma ujumbe kwa WhatsApp ukaona alama moja ya vema, maana yake umeondoka kwako lakini haujafika kwa mwenzako. Alama mbili ni kwamba umefika. Kwa hiyo ndugu aliye mahali pasipo na mtandao au chaji hakudharau, hajaupata. Ujumbe huo hungojea siku 30. Zikipita bila yeye kufungua mtandao, unafutwa, na hataupata kamwe. Kama habari ni kubwa, kama msiba au kuzaliwa kwa mtoto, usituma mara moja ukaridhika. Tuma tena, tuma na ujumbe wa kawaida wa simu, na mwambie mtu wa pili aliye karibu naye.

Tena, akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Mwenyewe hutolewa kwenye makundi yote, hata kundi la ukoo. Vilevile laini isiyotumiwa muda mrefu, kampuni inaweza kuichukua na kuiuza kwa mtu mwingine. Ndiyo maana wakati mwingine unampigia mjomba na anajibu mgeni kabisa. Kama una laini mbili, iwashe ile ya pili mara kwa mara na uitumie japo kidogo.

Ukibadilisha namba, usianze upya kimya kimya. Ndani ya WhatsApp, kwenye sehemu ya akaunti, kuna njia ya kubadilisha namba. Inahamisha makundi yako, na inaweza kuwaarifu watu wako. Fanya hivyo wakati laini mpya imeshawaka na inapokea ujumbe.

SIMU MOJA, WATU WENGI

Simu ya familia hupita mikono mingi: mama, baba, kijana wa sekondari, jirani aliyeomba kupiga, na kijana wa kibanda cha chaji. Kuiwekea kufuli si kuwaficha watu wa nyumba. Wote wa nyumba wanaweza kuijua namba ya kufuli. Kufuli ni kwa ajili ya nje ya mlango.

Chagua namba sita, si mwaka wa kuzaliwa, si 123456. Kisha ficha maandishi ya ujumbe yasisomeke kwenye kioo kilichofungwa, ili mtu asiyehusika asisome habari za matibabu yako au za kesi yako.

Ukimpa mtoto au jirani simu kwa jambo moja tu, simu nyingi za Android zina njia ya kubandika programu moja kwenye kioo. Utaikuta ndani ya Mipangilio, kwenye usalama. Mtoto atabaki kwenye kile ulichomfungulia, na hawezi kuingia kwenye pesa wala picha bila namba ya kufuli.

Laini nayo inaweza kuwa na kufuli yake, PIN, inayoulizwa simu inapowashwa. Ni nzuri sana kwa wenye pesa kwenye simu, maana mwizi hatoweza kuihamishia kwenye simu yake. Lakini kuwa makini: ukikosea mara tatu, laini inafungwa na kudai PUK, na ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa. Namba hizo huandikwa kwenye kadi kubwa ambamo laini ilitolewa. Kama kadi hiyo huna, ulizia kwanza kwenye kampuni, usibahatishe.

Halafu fanya hivi leo hii: bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15. Hiyo ndiyo namba ya simu yenyewe, IMEI, na haibadiliki hata laini ikibadilishwa. Simu ya laini mbili ina namba mbili. Ziandike kwenye daftari. Ikiibiwa ukaenda kutoa taarifa polisi, ndizo zitakazoonyesha kwamba simu ni yako.

MTU ANAYEOMBA NAMBA SITA

Kuna wezi wasioingia ndani ya nyumba. Mmoja hukutumia ujumbe akijifanya ndugu: «Shangazi, nimekosea, namba sita zangu zimekuja kwako, nirushie.» Namba hizo si zake. Ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimpa, anaingia kwa jina lako, na kabla ya jioni atakuwa ameshawaomba pesa watu wako wa Canada na Australia akisema mtoto wako yuko hospitali. Ndugu hao watatuma, kwa sababu wanakupenda.

Kinga yake ni uthibitishaji wa hatua mbili, ulio kwenye sehemu ya akaunti ndani ya WhatsApp. Unatunga namba sita zako za siri. Hata mwizi akipata ujumbe, hapiti bila hizo. Ziandike kwenye daftari, maana ukizisahau na hukuweka anwani ya barua pepe, utangoja siku saba. Tazama pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta au simu usiyoijua, itoe mara moja.

Mwingine hupiga na kusema kwamba jina la familia yako limetoka kwenda nchi ya tatu, ila linataka «pesa ya faili». Wapendwa, tulisema na tunarudia: huduma za UNHCR haziuzwi, na nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu haiuzwi. Anayedai pesa ni mwizi, hata kama analijua jina lako na saizi ya familia yako. Usibishane naye. Ihifadhi namba yake, kata simu, na utoe taarifa kwenye ofisi ya ulinzi.

Vilevile kutafuta ndugu waliopotea kwa njia ya Msalaba Mwekundu hakulipiwi. Usimpe mtu yeyote hela ya kukupeleka huko.

PICHA ZA KARATASI ZETU

Vyeti vya kuzaliwa, karatasi ya familia, kadi za kliniki, ripoti za shule: zipige picha mchana penye mwanga, karatasi ikiwa imelala sawa, mpaka herufi ndogo zisomeke. Picha haichukui nafasi ya karatasi yenyewe. Lakini karatasi ikiloa au ikiungua, picha inakupa namba ya cheti na tarehe, na kutafuta upya kunakuwa rahisi. Weka nakala moja nje ya simu, kwenye kadi ya kumbukumbu inayokaa nyumbani au kwenye barua pepe yako. Usizitume kwenye kundi, wala usiziweke kwenye status. Mwenye picha ya karatasi zako anaweza kujifanya wewe.

Simu ikisema imejaa, msianze kufuta picha za nyumbani. Anzeni na video za vichekesho, na zile picha za «habari za asubuhi» zilizotumwa na watu ishirini.

KAZI YA NYUMBANI

Wazazi, tunawapa kazi ya jioni moja. Kaeni pamoja, simu katikati. Mtoto anayesoma aandike daftari. Bibi achague milio. Baba abonyeze *#06#. Mama atunge namba sita. Kijana azime upakuaji wa picha. Mkimaliza, pigeni namba moja ya ndugu ambaye hamjamsikia muda mrefu, muone kama bado ni yake. Kama si yake tena, ni heri mjue jioni hiyo kuliko siku ya msiba.

Sisi kwetu tulifanya hivyo baada ya matanga. Daftari sasa lina majina 41, na la kwanza ni la kaka. Chini ya namba yake tumeandika namba ya muuza samaki wa soko la Baraka, ya mke wa mchungaji, na ya yule binamu wa Uvira. Kaka naye amenunua daftari lake. Kila akipiga, kabla ya salamu, anauliza: «Mungali na daftari?»

Tungali nalo, kaka.

Hadi mwezi ujao, tukijaliwa.